Walifunga mifuko ya upepo, gari likazidi kuyumba, wakaniambia tatizo ni dereva

Gereji sitaitaja. Wao wanajijua, na wakipita hapa watajitambua kwa maneno yao wenyewe: "Mzee, hilo gari halina tatizo, tatizo ni dereva." Nimebeba mizigo mirefu kabla huyo kijana hajaota ndevu. Acheni niandike hasira zikiwa bado za moto, maana zikipoa nitaanza kuwa muungwana, na kwa hawa uungwana sina.

Gari ni pikapu, tairi moja moja kila upande wa nyuma. Mgongoni limebeba kampa, yaani kile kinyumba chenye kitanda na jiko kinachoingizwa kizima kwenye bodi na kufungwa kwa minyororo. Vipimo vyake vimejaa mitandaoni, katafuteni. Wenye kampa wenzangu hawahitaji kuelezwa: uzito umekaa juu, kitanda kimetokeza juu ya paa la kebini, na ubavu wote ni kama tanga. Lori refu likikupita, upepo wake unakusukuma pembeni kwanza, halafu mkia wake ukishakupita unavutwa kulifuata. Gari linalala kushoto, linalala kulia, linarudi tena kushoto, na anayekaa pembeni yako anaacha kuongea.

Nikaenda gereji. Nikawaambia, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba nyuma kushuka hakunisumbui sana, kinachonisumbua ni kuyumba. Nikarudia. Mpokeaji akaandika kitu kwenye karatasi, na baadaye nilipokuja kuiona ile karatasi nilikuta pameandikwa "nyuma chini". Dawa yao ikawa mifuko ya upepo: mifuko ya mpira inayokaa kati ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, na chesisi, yaani fremu ya gari, unaijaza, gari linanyanyuka. Nikalipa. Na kweli likanyanyuka. Likakaa sawa, taa za mbele zikaacha kumulika vilele vya miti. Nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi kuanzia getini hadi kona ya kwanza.

Kwenye ile kona gari lililala kama kawaida yake, ila safari hii likabaki limelala. Zamani lilikuwa linalala na kurudi. Sasa lililala, likatulia hukohuko, na liliporudi likapitiliza upande wa pili. Lori la kwanza kunipita barabara kuu lilinifanya nishuke hadi mwendo wa baiskeli. Nilipunguza, nikawasha taa za hatari, nikageuza mbele kidogo nikarudi kwao hukohuko.

Fundi mkuu hakuinama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko fedha. Alizunguka gari akiwa amesimama wima, akagonga tairi kwa kiatu, akabonyeza mfuko mmoja wa upepo kwa kidole, akasema upo imara. Nikamwambia, "Fundi, lala chini uangalie." Akaniambia mzee umebeba nyumba mgongoni, ulitarajia itembee kama gari dogo la saluni? Ndipo akamalizia na ile ya dereva. Wenzake wakacheka. Mmoja alikuwa anakula huku anacheka.

Sawa. Nikafika nyumbani taratibu, nikatandika boksi chini ya gari, nikaingia na tochi.

Mfuko wa kushoto, sawa. Mfuko wa kulia, sawa. Ila mpira wa upepo wa kushoto na wa kulia ilikuwa inakutana katikati, juu ya ekseli, kwenye kiungo kimoja cha shaba chenye umbo la T, na kutoka hapo mpira mmoja tu unaenda kwenye valvu, yaani tundu la kujazia upepo, karibu na kibao cha namba. Valvu moja kwa mifuko miwili. Nikamwita mke wangu ashike ngazi ya kampa aivute na kuiachia, aivute na kuiachia. Mimi nimelala namulika. Kampa ikija upande wangu, mfuko wa upande wangu unasinyaa na kuvimba kiunoni kidogo, na ule wa pili unarefuka, umejaa. Ikienda kule, kinyume chake. Ukitega sikio unausikia upepo ukipita kwenye kile kiungo, fsss, kwenda na kurudi.

Sasa fikiria barabarani. Gari likilalia kushoto, mfuko wa kushoto ndio unaopaswa kukaza na kusukuma juu. Badala yake unabanwa, upepo wake unakimbilia kulia, na ule wa kulia, ambao wala haukuwa na kazi muda huo, unaunyanyua upande wa kulia zaidi. Yaani mifuko inasaidia gari kulala! Walinifungia kitu ninacholipia ili kiniangushe. Na huyo huyo aliyekifunga ndiye aliyesimama wima akaniambia tatizo ni dereva.

Kilichonimaliza kabisa ni boksi la mifuko yenyewe. Walikuwa wamelitupa ndani ya kampa na takataka zake. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na valvu ya pili, mpya, bado imo kwenye kifuko chake cha plastiki. Mtengenezaji ametoa mbili kwa sababu anajua ni mbili. Wao wakaenda kutafuta T.

Nikaitoa. Nikanyoosha mpira mmoja kushoto na mmoja kulia, kila mfuko na valvu yake, nikapaka maji ya sabuni kwenye viungo kuona kama panavuja. Kazi ya alasiri moja kwa mtu asiye na haraka. Kona ileile, mwendo uleule: gari linalala, linarudi, limekwisha. Hapo ndipo nilipotaka kuandika kwamba mifuko ni mizuri na gereji ni mbaya, nyota nne kwa bidhaa, sifuri kwa huduma, kwaherini.

Lakini ngoja. Kadiri nilivyozidi kutembea nayo ndivyo nilivyozidi kuiona kwamba hata mifuko yenyewe ilisifiwa kupita kiasi. Walikuwa wameijaza psi 70 (psi ni kipimo cha presha ya upepo). Kwa presha hiyo chesisi inanyanyuka mpaka zile bapa nene za juu za springi (springi za nyuma ni bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine), zilizowekwa kiwandani kwa ajili ya mzigo mzito, zinaacha kugusa vituo vyake. Una chuma kizuri kabisa kimekaa bure na kampa yote inaelea juu ya mipira. Nimeishusha hadi 30 hivi, bapa zikagusa tena, na nikaziwekea vipande vya mpira mgumu kwenye vituo ili ziguse mapema zaidi. Nyuma kumeshuka kidogo, ndiyo. Kuyumba kumepungua kwa namna ambayo mke wangu aliiona kabla sijamwambia nimefanya nini. Kwa hiyo ile mifuko ni ya kusawazisha gari, si ya kuzuia kuyumba, na anayekuuzia kwa jina la dawa ya kuyumba ama hajui ama anajua sana.

Halafu kuna suala la matairi, na hapa naomba mnivumilie maana presha inapanda, yangu si ya tairi. Siku wanafunga mifuko, kuna mtu pale gereji alipunguza upepo wa matairi ya nyuma hadi psi 45. Hakuniuliza. Nilipogundua na kupiga simu, jibu lilikuwa, "Tulilainisha ili gari lisirukeruke, bosi." Matairi yangu ni ya daraja la E, yaani ya kubeba mzigo mzito, ubavuni yameandikwa mzigo wake wa juu kabisa ni kwa psi 80. Ukibeba kampa kwa 45, kuta za tairi zinajikunja kila gari linapolala, na unaweza kufunga springi za treni usipone. Na si kuyumba tu, tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo mkubwa linapata joto na linaweza kupasuka. Nikarudisha upepo kwa kadiri ya uzito niliopima kwenye mizani, nikahakikisha rimu nazo zinastahimili presha hiyo. Kazi hii haikunigharimu kitu, na ilinipa nafuu kubwa kuliko yote niliyolipia. Kubwa kuliko mifuko. Andikeni hapo.

Mwisho nikaweka stabilaiza nene ya nyuma, kwa fundi mwingine, mtu mkimya ambaye alilala chini ya gari kabla hata hajanisalimia vizuri. Gari langu lilitoka kiwandani bila stabilaiza ya nyuma, na wala sikuwahi kusikia mtu pale kwa wale wa kwanza akilitamka neno hilo. Ni fito ya chuma tu, imefungwa kati ya ekseli na chesisi na kuunganisha upande mmoja wa gari na mwingine: upande mmoja ukitaka kushuka peke yake, lazima uisokote fito kwanza. Haibebi hata kilo moja ya mzigo. Unene ndio siri yake, kwa sababu ugumu wa kusokotwa unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Fito ikinenepa kwa asilimia 10 tu, ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 46. Yule fundi alinieleza hivyo akiwa bado chini, sauti inatoka kwenye magurudumu. Kisha akatoa mkono mmoja nje akiomba spana namba 17. Huyu ningempa nyota kumi kama zingekuwepo.

Shokapu nazo nilibadilisha, za kurekebishika ugumu. Zimesaidia kukata ile mizunguko ya mwisho mwisho, lori likishapita gari linatulia haraka. Sina zaidi la kusema juu yake.

Kwa atakayenifuata, angalieni mambo mawili kabla ya kumpa mtu yeyote fedha. Ubavuni mwa kampa kuna alama ya kitovu cha uzito. Ikikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, umeshapotea, maana usukani unakuwa mwepesi na mkia ndio unaokuongoza. Na kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema gari lako linaruhusiwa kubeba kiasi gani. Mifuko, springi, stabilaiza, hakuna hata kimoja kinachobadilisha namba ile. Maji pia ni uzito, lita moja ni kilo moja, na tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa au lililo tupu kwa sababu maji yanakwenda upande ambao gari linalalia, tena yanachelewa kidogo. Mimi huwa natembea na tangi karibu tupu, najaza nikikaribia ninakolala. Minyororo ya kampa kazeni tena baada ya kilomita chache za mwanzo. Kampa inayoteleza kwenye bodi itakufanya ulaumu springi bure.

Sasa nyota. Mifuko nilikuwa nimeipa tatu, kwa sababu ikifungwa kwa mipira miwili na ikajazwa kwa adabu inafanya kazi yake. Gereji nilikuwa nimeipa mbili, kwa sababu mpokeaji, niseme ukweli, alinipokea kwa heshima hata niliporudi nikiwa nimewaka, na kazi ya kuchomelea mabano waliifanya vizuri, sijaona ufa.

Ila nikiwa nahariri maandishi haya simu imeita. Ni wao. Wamesikia kwa mtu kwamba ninaandika. Kijana akaniuliza kwa upole kama ningeweza kusubiri, watanirudishia sehemu ya fedha, sharti niwapelekee kile kiungo cha T kwa sababu "ni mali ya gereji, hakikuwa kwenye boksi." Nimemwambia namwomba fundi mkuu. Fundi mkuu akaja kwenye simu, na kabla sijamaliza salamu akaniuliza, "Mzee, siku hizi unaendeshaje?"

Nyota moja. T ninayo.