Dawati la msaada wa kisheria kwa ndugu za wafungwa, Kampala: maoni ya mteja

Mdogo wangu alikuwa katika wiki ya tatu ya rumande katika gereza la Luzira nilipomwona ameketi kwa kuegemea upande mmoja kwenye benchi la wageni, na kwa kuwa askari magereza alikuwa amesimama karibu nasi, jibu pekee nililopata ni kwamba aliteleza bafuni. Nilitoka nikiwa tayari kuzua zogo getini. Jirani yangu wa Kireka, ambaye mumewe aliwahi kufungwa, ndiye aliyenituliza na kunielekeza kwenye ofisi hii ndogo ya wasaidizi wa sheria. Sitaitaja jina, maana nina manung'uniko juu yake pia.

Huduma ni bure, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Binti aliyenipokea alikataa katakata niandike kwamba ndugu yangu "anateswa". Alitaka kujua nilimwona siku gani na saa ngapi, jeraha liko wapi, yeye mwenyewe alitamka maneno gani, na nani mwingine alikuwepo. Alinigawia karatasi kwa mstari katikati: kushoto niliyoyaona kwa macho, kulia ninayoyashuku. Kulia kulijaa upesi. Kushoto nilikuwa na mistari minne tu, na nikaona haya kidogo.

Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: "Dada, yeye mwenyewe ameridhia? Barua ikifika, atakayelala wadi moja na waliompiga ni yeye, si wewe." Kwa sababu hiyo barua yetu ya kwanza haikumtuhumu mtu, wala katikkiro wa wadi (mfungwa anayewaongoza wenzake) wala askari, bali iliomba mambo mawili: aonwe na daktari, na ahamishwe wadi. Tuliipeleka kwa mkuu wa gereza, na nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo Katiba ya 1995 inaipa mamlaka ya kutembelea magereza na kukagua hali ya waliomo. Alinisisitizia nisiondoke popote kabla nakala yangu haijagongwa muhuri wenye tarehe.

Maelezo ya sheria yalikuwa mafupi na yenye manufaa. Ibara ya 23 ya Katiba inampa aliyezuiliwa haki ya kuonana na ndugu zake, wakili na daktari wake. Ibara ya 44 hairuhusu mateso kwa kisingizio chochote. Na chini ya Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2012, anayelalamika si lazima awe ndiye aliyeumizwa. Nilionywa pia nisichanganye kesi na kipigo, kwa kuwa Tume haichunguzi jambo lililoko mbele ya mahakama, ilhali namna mtu anavyotendewa ndani ya gereza ni lalamiko linalosimama peke yake.

Sasa manung'uniko. Fomu zote ziko kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya 2005. Mama yetu, Mnubi wa Bombo, alilazimika kutia dole gumba kwenye maelezo aliyosomewa na mtu mwingine. Simu yao iliita siku mbili bila kupokewa, na kwa mtu ambaye ndugu yake yuko hatarini, siku mbili ni nyingi mno.

Siku ya tisa baada ya barua, mdogo wangu alihamishwa wadi, akiwa ameshapelekwa zahanati. Siwezi kuapa kwamba ni barua iliyofanya kazi, lakini aliketi wima nilipomtembelea tena. Ninawapa nyota nne kati ya tano. Mwende na namba ya kesi pamoja na namba ya mfungwa, la sivyo mtarudishwa nyumbani kama nilivyorudishwa mimi siku ya kwanza.