Nimekatwa tumbo Dar: hospitali nawapa nyota tatu, nesi wa zamu ya usiku nampa zote tano

Mwezi wa kumi na nne sasa tangu nifanyiwe operesheni ya kupunguza tumbo na haipiti wiki bila mtu kunitumia meseji, dada ulifanyia wapi, bei gani, inauma, mimi nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika hapa mara moja. Hospitali siitaji jina maana nina malalamiko nao na sitaki kesi, jueni tu ni ya binafsi, ipo Dar.

Nilikuwa kilo 127 kwa urefu wa sentimita 160. Sukari mwaka wa sita, presha vidonge viwili kwa siku, magoti ndo usiseme, na konda wa daladala ananihesabia siti mbili mbele za watu. Dayati nimefanya zote, ya ndimu, ya mayai, ya kutokula usiku, nashuka kilo nane narudisha kumi na moja. Mwenye mwili mdogo anaweza kusema si uache kula tu, basi huyo simjibu.

Daktari wa upasuaji hapo kwa kweli sina neno. Alinikalisha karibu saa nzima, akachora tumbo kwenye karatasi, akaniambia hii inaitwa slivu, tunakata na kutoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya mfuko wa chakula, kinachobaki ni kama ndizi. Nikamuuliza ndizi gani dokta, mzuzu au kisukari? Akacheka mpaka akavua miwani, akasema ya kawaida tu ya kula baada ya ubwabwa. Akaeleza kwamba ile sehemu inayotolewa ndo inatengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini, kwa hiyo sio tu nafasi inapungua, hata ile hamu ya kula inatulia, angalau mwanzoni. Nikauliza kuhusu puto, lile wanaloweka ndani ya tumbo kule hospitali ya Mloganzila, akasema puto halina kukatwa lakini ni la muda, linatolewa baada ya miezi kadhaa na kwa uzito wangu na sukari yangu alishauri slivu au baipasi. Baipasi ndo ile wanatengeneza kifuko kidogo juu wanakiunga na utumbo. Akaniuliza sana kuhusu kiungulia, maana slivu inaweza kukizidisha, mwenye kiungulia kikali mara nyingi wanampeleka kwenye baipasi. Mimi nikasema sina. (Kumbukeni hilo, nitalirudia.) Na akasema wazi slivu hairudishwi, kilichokatwa kimekatwa.

Sasa pesa. Tarakimu siandiki kwa sababu inapanda na dola, ila kotesheni ya kwanza waliyonipa ilikuwa ya operesheni na kulala tu. Kipimo cha kamera pembeni, vipimo vya damu pembeni, ultrasaundi ya ini na nyongo pembeni, mtaalamu wa lishe pembeni, sindano za kuzuia damu kuganda za kwenda nazo nyumbani pembeni, soksi za kubana pembeni. Kwenye kila milioni kumi watakazokutajia we andaa mbili nyingine kimyakimya. Bima yangu walikataa kabisa wakasema huu ni urembo, miaka sita nameza dawa za sukari halafu eti urembo, haya.

Kamera wakakuta wale bakteria wa vidonda vya tumbo. Dawa wiki mbili, kisha kusubiri, kisha kupima tena, tarehe yangu ikasogea zaidi ya mwezi na likizo nilishaomba kazini. Nilikasirika lakini leo naona walifanya sawa. Ukiona hospitali inakupa tarehe ya wiki ijayo bila kukuchungulia tumbo, ogopa.

Halafu zile wiki mbili za kabla. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hapo ndo pagumu, kila mtu anaogopa kisu. Unakula kidogo mno, kama kalori 800 kwa siku, wanga karibu hakuna, ni supu, mayai, mboga, mtindi usio na sukari, lengo ini lipungue mafuta linywee kwa sababu ini limekaa juu ya tumbo na likiwa limevimba daktari hapati pa kupita. Sawa, nikafuata. Siku ya nne niko kazini naandika vocha nikaanza kutetemeka, jasho linatiririka, macho giza. Sukari 3.1. Nilikuwa naendelea na glibenklamaidi dozi ileile ya zamani wakati wanga nimeacha, na kidonge kile hakijui kama umekula au hujala, kinashusha tu. Karatasi ya lishe ilikuwa nzuri, ina rangi, ina picha, ila hakuna mahali pameandikwa mwenye sukari amwone daktari apunguziwe dawa kabla ya kuanza. Nilipowaambia waliniomba radhi, na ni kweli daktari alirekebisha dozi siku hiyohiyo, ila radhi hiyo ingenikuta nimeanguka kwenye ngazi ingekuwa ya nini. Nyota ya kwanza ilitoka hapo.

Siku yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko wiki zile. Nusu kaputi, nikaamka, matundu matano madogo, ilichukua kama saa moja na nusu. Maumivu ya tumbo ya kawaida tu, kilichonitesa ni bega! Wanajaza hewa tumboni ili waone vizuri, ile hewa inabaki inasumbua chini ya mapafu na maumivu yanatokea begani, nilidhani wamenilaza vibaya kitandani. Dawa yake kutembea. Jioni ileile nesi alikuja, dada amka tutembee, nikamwambia mwanangu mimi nimekatwa leo, akasema ndo maana tunatembea, damu isigande miguuni. Tukazunguka wodi na dripu yetu kama bwana na bibi harusi.

Wodi safi, mashuka safi, wauguzi wa adabu. Ila jikoni kwao hawaongei na wodi, kesho yake asubuhi mhudumu ananiletea trei: chapati mbili, maharage na chai ya maziwa. Mtu jana katolewa tumbo! Binti wa watu hana kosa, ananiambia kula mama upate nguvu. Nilicheka na vidonda vikauma.

Nyumbani kazi ikawa ni kunywa. Unaambiwa lita moja na nusu kwa siku na huwezi kupiga funda, funda moja la haraka linakuuma kifuani kama umemeza jiwe. Nilinunua vikombe vya wale wauza kahawa wa kijiweni, vile vidogo, kimoja nakimaliza kwa dakika kumi au kumi na tano, nimeweka alamu kwenye simu. Hiki kitu cha shilingi mia kadhaa kimenisaidia kuliko chupa ya maji yenye mistari waliyoniuzia hospitali. Wiki mbili za kwanza vitu vya majimaji tu, wiki ya tatu na nne vya kusaga, ya tano na sita vilaini, kisha ndo chakula cha watu. Na ukila hunywi, unasubiri nusu saa. Hilo mpaka leo linanipa tabu, mtoto wa Kizaramo ubwabwa bila maji pembeni?

Karatasi ya chakula cha baada ndo ilinikera zaidi, imechukuliwa nzima kutoka kwa Wazungu. Bata mzinga wa kusaga, jibini laini, brokoli. Bata mzinga nampata wapi Mbagala? Ikabidi nijitafsirie. Lengo ni protini, gramu 60 mpaka 80 kwa siku, basi nikahesabu vya kwetu. Yai moja kama gramu sita. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, nikawakaanga bila mafuta nikawasaga unga, kijiko kwenye supu. Mtindi naongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Samaki wa mchuzi, changu au kibua, anapondeka na kushuka bila kelele. Maharage ya kusaga sawa ila gesi yake mjiandae. Uji wa lishe kila mtu alinishauri na ndio mbaya, wengi wake ni nafaka na sukari, unakujaza tumbo dogo bila protini ya maana.

Unga wa protini wa kopo msinunue kopo kubwa kwanza. Nilinunua kilo mbili za vanila kwa bei ya kutoa machozi, baada ya operesheni ulimi ukabadilika, harufu yake tu natapika. Sasa hivi anautumia mpwa wangu wa gym, amevimba mabega anashukuru.

Mama mkwe naye alikuja na chupa ya uji wa pilipili manga kama nimejifungua. Mwanangu wamekukata utumbo, halafu wanakunyima chakula? Nikamwambia shikamoo mama, ahsante mama, weka pale nitakunywa. Alipotoka wakanywa watoto.

Wiki ya tano ndo niliijua hospitali yangu. Nilikula kifua cha kuku kikavu, haraka, naangalia taarifa ya habari. Kikakwama. Mate yanajaa mdomoni povu, kifua kinabana, nikatapika, na kutapika kukaendelea siku ya pili hata maji hayakai. Napiga namba ya mtaalamu wa lishe, haipokelewi. Mapokezi wananiambia kliniki ni Jumatatu, na siku hiyo ni Ijumaa usiku. Baba watoto ameshaanza kutafuta funguo za gari, nikakumbuka nilikuwa na namba ya simu ya wodini. Akapokea nesi, yule aliyenitembeza. Hakuanza na kunipa pole, aliuliza: umekula nini na kwa dakika ngapi, una homa, mkojo una rangi gani, maumivu yako wapi. Akasema shika mkono hesabu mapigo dakika nzima, mimi nipo kwenye laini. Yakawa 96. Akasema yangezidi 120, au ungekuwa na homa au maumivu makali, ningekwambia njoo sasa hivi, maana tunaogopa mshono kuvuja, lakini kwa hayo usile kitu, lamba maji kidogo kidogo, saa moja asubuhi uwe hapa, na ukibadilika usiku njoo palepale. Asubuhi nikakuta kashaacha maelezo kwa mwenzake, nikawekewa dripu, na kabla ya dripu ya glukosi wakanichoma vitamini B1, kwa sababu mtu aliyekatwa tumbo akitapika siku kadhaa hiyo B1 inaisha na inaweza kuathiri mishipa na ubongo. Haya yote yeye ndo aliyaandika. Hospitali ya mamilioni, huduma ya baada ilikuwa ni mtu mmoja mwenye akili zamu ya usiku.

Mengine haraka haraka. Mwezi wa nne nywele zilitoka kwa viganja, nikanyoa fupi, zimerudi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni sigusi tena, paracetamol tu. Mimba waliniambia nisubiri mwaka na nusu, na mwanamke akipungua anashika kirahisi kwa hiyo kina dada mjipange. Ramadhani ya kwanza sikufunga, maji ya siku nzima huwezi kuyalipa kati ya futari na daku kwa kikombe cha kahawa. Kiungulia ambacho sikuwa nacho ninacho sasa, omeprazo kila asubuhi, hilo daktari alilisema na nililisaini. Ngozi ya mikono inaning'inia, madera yananisitiri. Na mtaani ukipungua kilo arobaini hawakusifii, wanakuhurumia. Kwenye kitchen party moja nilisikia kwa masikio yangu, masikini, ameanza lini dozi? Nilienda kukaa meza yao.

Leo nina kilo 88. Glibenklamaidi nimeachishwa, imebaki metformini kimoja, presha kidonge kimoja. Ningefanya tena? Ndiyo, kwa daktari yuleyule. Nyota tatu ni hivi: mbili za daktari na tiata, moja ya wodi, jikoni na lishe hawana kitu. Ukienda kuulizia popote, usianze na bei, waulize nikitapika Ijumaa saa nne usiku nani anapokea simu, na hiyo namba ipigeni mbele yao muone.

Vipimo vyangu vya mwaka, damu, chuma, B12, vitamini D, nilifanyia maabara nyingine kwa nusu ya bei na majibu nikampelekea daktari wangu kliniki. Yule nesi niliambiwa kahamia Dodoma. Namba yake ninayo, ila siwapi.