TAHADHARI: Zile deki za "Blu-ray 4K" za laki nne na nusu ni DVD tupu, msipigwe

Wakuu habari za muda huu. Naandika haraka haraka maana wiki hii nimeletewa tena mezani deki ya aina ileile, na mwenye nayo alikuja na uhakika wote kwamba imeharibika, kumbe haijaharibika popote, inafanya kazi yake vizuri tu, ila kazi yake ni kucheza DVD, siyo Blu-ray, yaani zile CD za muvi zenye picha safi kuliko DVD (za 4K ndo safi zaidi).

Kuna jamaa wanauza kupitia insta na stetasi za WhatsApp. Wanasema wapo Kariakoo lakini duka hakuna, ukisema unakuja kuona mzigo wanakwambia stoo iko mbali, we lipia tu boda anakuletea hadi mlangoni. Deki yenyewe ni nyeusi, nyembamba, nyepesi ile ya kutia shaka, mbele imebandikwa stika ya bluu "Blu-ray 4K Ultra HD", bei laki nne na nusu. Ukiongeza kidogo unapewa na furushi la CD za muvi wanazoita orijino za Ulaya. Pesa unatuma kwenye namba ya mtu, siyo lipa namba, na wanakukumbusha uweke na ya kutolea. Risiti ya EFD usiulize, ukiuliza unaambiwa "bosi hii ni bei ya kishkaji".

Aliyeniletea ni dogo mwenye kibanda umiza maeneo ya Mbagala. Kajichanga kanunua projekta ya maana, Full HD ya kweli hiyo, akaona sasa akipata na deki ya Blu-ray atawaacha mbali wenye vibanda wenzake wanaoonyesha vitu vya kwenye flashi. Akawasha, picha ile ile ya ukungu, sura za watu zimelainika kama wamepakwa mafuta. Wateja wakamwambia bora urudishe flashi. Akajua projekta mbovu, akanunua waya mwingine wa HDMI, haikusaidia, ndo akaja kwangu.

Nikafungua. Ndani hamna kitu wakuu, bodi ndogo ya DVD ya kawaida, na lensi yake ni ya leza nyekundu. Hapa naomba mnielewe maana ndo kiini chenyewe. DVD inasomwa na leza nyekundu ya nanomita 650. Blu-ray inasomwa na leza ya bluu inayoelekea zambarau, nanomita 405, ni nyembamba zaidi ndo maana inaweza kusoma vidoti vidogo zaidi vilivyobanana kwenye CD ya ukubwa uleule. Kwa hiyo DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7 na ya tabaka mbili 8.5, basi, wakati Blu-ray inaanzia 25 na ya tabaka mbili ni 50, na zile za 4K zenyewe zipo za 50, 66 na 100. Hiyo siyo kitu cha kuongeza kwa programu wala kwa kuapdeti. Kama lensi ya bluu haimo ndani, hata ubandike stika kumi, deki haisomi Blu-ray.

Nikampigia muuzaji kwa simu ya dogo, nimeweka spika.

"Kaka hii deki uliyomuuzia dogo ni DVD."

"Hapana fundi, hiyo ni Blu-ray ya Kichina, ndo zinavyokaa."

"Lensi ya bluu iko wapi?"

"Zimeunganishwa humohumo. Kwani TV haiandiki 1080p?"

Simu ikakatwa, baadae dogo akablokiwa, na ule ukurasa siku hizi una jina lingine na picha zilezile.

Sasa hilo jibu la "TV haiandiki 1080p" ndo linawamaliza watu wengi, tena watu wasomi tu. Deki nyingi za DVD zenye tundu la HDMI zinaweza kutoa mawimbi ya 1080p, ni kweli kabisa, na ukibonyeza rimoti TV inaandika 1080p. Lakini inachofanya ni kuinyoosha picha ndogo ijae kwenye kioo kikubwa. DVD ya mfumo wa PAL, ule wa TV za kwetu, ina pikseli (nukta za picha) 720 kwa 576, ukizidisha ni kama laki nne na ushee. Full HD ni 1920 kwa 1080, yaani milioni mbili na kidogo, mara tano ya ile. 4K ni 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane, mara ishirini. Deki haiwezi kubuni pikseli ambazo kwenye CD hazikuwekwa, inakisia tu. Kwa hiyo maandishi ya kwenye kona ya TV hayathibitishi chochote, msikubali muuzaji awafunge mdomo kwa hayo.

Tuje kwenye CD zenyewe, maana huko ndo uongo umezidi. Zile alizopewa dogo, kava ni za bluu kweli, zimeprintiwa vizuri, ukigeuza CD chini ni zambarau. Zambarau ile ni DVD tupu ya kuchoma, ya madukani, mtu kachoma kwenye kompyuta akaweka kava. Kipimo ambacho hakihitaji fundi wala kifaa, chukua hiyo CD unayoambiwa ni Blu-ray uitie kwenye deki yako ya zamani ya DVD. Ikicheza, umepigwa. Blu-ray halisi haichezi kwenye deki ya DVD, itazunguka weee halafu inaandika hakuna diski. Dogo nilimfanyia hilo jaribio hapohapo kwenye deki yangu ya kutestia, muvi ikaanza kwa raha zake, akakaa kimya muda mrefu. Na kama una kompyuta yenye draivu ya Blu-ray, angalia ukubwa wa kilichomo, kikiwa gigabaiti nne hivi usiendelee hata kubishana.

Kava nazo zinasema. Kava la Blu-ray huwa ni fupi kuliko la DVD, yapange pamoja kwenye rafu utaona tofauti ya karibu sentimita mbili. Kava za Blu-ray ya kawaida ni za bluu, za 4K ni nyeusi. Hawa jamaa wanachukua kava refu la DVD wanaweka karatasi ya bluu ndani, hawana hata haya. Na ukiona kava limeandikwa "4K" halafu ndani wanakwambia muvi kumi na mbili kwenye CD moja, hiyo ni ndugu wa zile CD za zamani za "20 kwa 1", tunazijua sote, zilikuwa zinaandikwa HD juu na ndani picha mbovu kuliko hata DVD ya muvi moja. Huwezi kubananisha muvi ishirini kwenye gigabaiti chache zikabaki safi.

Deki mpya pia ina alama moja ambayo wengi hawaijui. Kwa masharti ya leseni ya kulinda Blu-ray zisinakiliwe, deki zilizotengenezwa baada ya mwaka 2013 haziruhusiwi kutoa picha ya muvi hizo kwa njia za analogi, yaani nyaya za zamani kabla ya HDMI. Kwa hiyo mtu akikuuzia Blu-ray "mpya ya mwaka huu" halafu nyuma ina lile tundu la njano la video, muulize vizuri. Za mtumba za zamani zinakuwa nalo kihalali, kwenye alama hii siongelei hizo.

Na hizo za mtumba ndo ninazotaka kuziongelea kidogo, kwa sababu kuna utapeli wa pili, mtamu zaidi maana kifaa kinakuwa orijino kabisa. Kuna deki za Toshiba zinaingia na mitumba ya elektroniki, nzito, zimetengenezwa vizuri, mbele zimeandikwa HD DVD. Muuzaji anakwambia "HD hiyo, baba lao, ndo hiyohiyo Blu-ray". Siyo. HD DVD ilikuwa mshindani wa Blu-ray. Zote mbili ziliingia sokoni mwaka 2006, Toshiba upande mmoja, Sony na wenzake upande wa pili, na kule Marekani wateja wakagawanyika, wengine wakagoma kununua chochote mpaka waone nani anashinda. Sony akaweka Blu-ray ndani ya PlayStation 3, kwa hiyo mtu ananunua gemu anajikuta tayari ana deki. Toshiba akashusha bei, mwishoni mwa 2007 Walmart, wale wa maduka makubwa ya Marekani, waliuza deki yake moja chini ya dola 100. Januari 2008 Warner, kampuni kubwa ya muvi, wakatangaza wanaenda Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari mwaka huohuo Toshiba akatangaza anaacha. Wale waliokuwa wameshanunua wakabaki na mashine ya muvi ambazo hazitengenezwi tena. Baadhi ya mashine hizo ndo unauziwa wewe leo.

Mtego wake ni kwamba deki ya HD DVD inacheza DVD vizuri tu, kwa hiyo muuzaji anakuwekea DVD mbele yako inawaka, unatoa pesa, unafika nyumbani na Blu-ray yako inakataa. Ukiona neno HD DVD mbele ya deki, au kava jekundu la aina hiyo, achana nayo, labda uwe mkusanyaji wa vitu vya kale. Halafu zile zilizotoka Marekani au Japani angalia umeme kwanza nyuma kwenye kibandiko, ikiwa imeandikwa 120V au 100V peke yake ukiichomeka kwenye soketi ya kwetu ya 230 unasikia "pah" na harufu, na hapo mimi sina la kukusaidia sana.

Kuhusu kanda, hapo wauzaji wenyewe nao wengi hawajui, siyo lazima wawe matapeli. Siyo kanda za VHS, ni maeneo ya dunia: Blu-ray zimegawanywa kanda tatu, na deki inacheza CD za kanda yake. Sisi Afrika tuko kanda B, pamoja na Ulaya na nchi za Ghuba, kwa hiyo deki ya kutoka Uingereza au Dubai na CD za huko zinaelewana bila shida. Marekani na Japani ni kanda A. Ukichanganya, CD nyingi zinagoma. Za 4K hazina mambo ya kanda, hilo ni la kushukuru.

Mnajua kwa nini wanatuweza? Hii teknolojia ilitupita. Kwetu tulitoka kanda za VHS tukaenda VCD, tukaja DVD, tena nyingi za kutafsiriwa na madj wetu, halafu tukarukia kujaziwa muvi kwenye flashi laibrari za mtaani, na sasa bando na simu. Blu-ray haikuwahi kuwa kitu cha mtaani. Wengi hawajawahi kuishika ya kweli mkononi, wataitambuaje ya uongo? Na huko ilikotoka nako inapungua, Oppo waliacha kutengeneza deki 2018, Samsung 2019 wakasema hawaleti tena modeli mpya Marekani, kwa hiyo mtumba utazidi kuja na wajanja nao watazidi.

Kama umeshatuma pesa, pigia haraka huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe muamala uzuiwe kabla jamaa hajatoa, ikipita hapo ni shida. Namba yake iripoti 15040. Usifute chati, piga picha tangazo lake kabla hajabadilisha jina, na deki usiifungue mwenyewe, iache na stika yake hivyohivyo, kisha peleka malalamiko polisi na Tume ya Ushindani, wao ndo wanahusika na bidhaa bandia. Dogo wangu keshapeleka, tunasubiri.

Na wale mnaoniuliza kila siku kama PS4 Pro inacheza CD za 4K, haichezi, hata kama boksi limeandikwa 4K, hiyo ni kwa magemu na kustrimu, CD inaishia Blu-ray ya kawaida. Xbox One S inacheza, PS5 yenye tundu la CD inacheza. PS3 ya mtumba inacheza Blu-ray ya kawaida na ndo ya bei nafuu kupita zote, ila nenda na CD yako mwenyewe ya Blu-ray mujaribu pale dukani, siyo ya gemu wala DVD, maana nyingi zimetoka kwenye vibanda vya gemu na lensi zimeshachoka.