Mwezi wa Historia ya Watu Weusi chuoni Columbus: nilienda na mama

Nyota 4 kati ya 5. Kama unakaa Columbus, Ohio, na unadhani shughuli za chuo kikuu za mwezi Februari ni za wanafunzi tu, unajipunja. Tuliingia bure na hakuna aliyetuuliza kitambulisho.

Mhadhara wa ufunguzi ulikuwa wa kawaida. Carter G. Woodson, mwanahistoria Mmarekani Mweusi, na wiki yake ya historia ya watu weusi aliyoianzisha mwaka 1926, nilikuwa namfahamu. Kwamba mwezi mzima ulipendekezwa mwaka 1969 na watu weusi wa chuo cha Kent State, humu humu Ohio, ukaadhimishwa pale mwaka uliofuata, hilo lilikuwa jipya kwangu. Baada ya hapo msemaji alisoma slaidi neno kwa neno, mama akasinzia.

Warsha ndiyo ilimwamsha. Ilimhusu Aminah Robinson (1940–2015), msanii mzaliwa wa Columbus aliyekulia Poindexter Village, nyumba za umma walizoishi familia nyingi za Weusi. Baba yake alimfundisha kutengeneza karatasi na kufinyanga kwa mchanganyiko wa tope, udongo na mafuta ya nguruwe. Mama yake alimfundisha sindano na vifungo. Basi meza zilijaa vifungo vya kila rangi na vipande vya nguo kuukuu. Bibi mmoja Mmarekani Mweusi alimwonyesha mama jinsi ya kupandanisha kifungo kidogo juu ya kikubwa, uzi ukipita mara mbili. Mama, Kiingereza chake cha kuombea maji lakini amefuma vitambaa vya makochi tangu usichana, haukupita muda akawa yeye ndiye anayemwelekeza bibi wa watu. Walicheka mpaka meza za jirani zikageuka.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya chakula: tuliotoka warshani tulikuta masufuria matupu. Na maegesho ni ya kulipia, tena ghali.

Kubwa zaidi nililipata kwenye meza ya vipeperushi. Sheria ya Ohio inamruhusu mwenye miaka 60 na kuendelea, aliyeishi jimboni angalau mwaka 1, kuhudhuria masomo ya vyuo vikuu vya umma bila ada, nafasi ikiwepo na mwalimu akikubali. Hupewi alama wala cheti. Mama anataka ufinyanzi. Wenye wazazi, waulizieni mapema, na muulize pia gharama za vifaa.