Changu wa kupaka nyota tano, huduma mbili

Mgahawa uko Raskazone, Tanga, upande wa bahari. Changu wao wa kupaka hana mpinzani: mzima, tui zito, ndimu kwa mbali. Hapo nyota tano. Huduma? Mbili, tena kwa huruma. Akiingia msanii mwenye wafuasi wengi Instagram, wahudumu wote wanamhamia, simu mkononi, na bili yake ni "kaka, acha tu". Sisi tunaolipa tunangoja maji ya kunawa. Ukutani wamejaa mastaa wa Dar wamekumbatiana na tajiri wa mgahawa. Shakila, mwimbaji wa taarab aliyeimba na kikundi cha Black Star hapa hapa Tanga, hayumo! Nendeni mchana siku za kazi, mastaa bado wamelala. Kamba msiagize, wanawakausha.