Kadi ya Nol ya Dubai: inunue ukishuka tu, kabla hujalipia kitanda cha mtu

Nina mwaka wa nne sasa Dubai, nafanya londri ya hoteli moja upande wa Deira, na haupiti mwezi sijapigiwa simu na mtu wa nyumbani, dada nimepata viza nakuja, nianzie wapi. Jibu langu siku zote ni moja, anzia kwenye kadi ya Nol, kadi ya kulipia usafiri wa huku, alafu hiyo kadi ndo ikuchagulie pa kulala. Wengi wanafanya kinyume, wanatafuta kitanda cha bei rahisi kwanza mambo ya usafiri wanasema watajua mbele ya safari, na mimi nlifanya hivohivo ndo maana leo naandika kwa urefu.

Kwanza neno lenyewe lisikutishe, nol ni Kiarabu na ni ileile nauli yetu, sisi tumeivaa kanzu ya Kiswahili tu. Kadi moja inapanda metro, yaani treni ya mjini, basi na tramu, hata kwenye bustani kubwa kama Zabeel Park unaingilia hiyohiyo, kiingilio dirham 5. Konda hamna, chenji hamna, hamna wa kukuambia mama sogea nyuma kuna nafasi. Unagusisha kwenye geti, pii, kioo kinakuonyesha salio lako unapita.

Ziko za rangi rangi. Mgeni anayekuja kutafuta maisha achukue Silver, ni dirham 25 na ndani yake unakuta salio la 19 tayari, kwa iyo kadi yenyewe ni kama 6 tu na inakaa miaka 5. Ile nyekundu ya karatasi ni 2 lakini kila safari inakukata zaidi, hiyo waachie wanaokuja kupiga picha Burj Khalifa siku mbili wakaondoka. Gold nauli yake ni mara mbili, unakaa behewa lake lenye viti vizuri, ukishaanza kutuma hela nyumbani utaona mwenyewe kama unaihitaji. Blue ni 70 na ndani ina 20, inasajiliwa kwa jina lako na picha, uzuri wake ikipotea salio lako linaokolewa, na mwanafunzi anapata punguzo la nusu. Silver isiyo na jina ikidondoka ndo imedondoka na kilichomo, kwa iyo usijaze hela nyingi kwa mkupuo.

Nauli sasa, hapa ndo penye maneno. Mji umegawanywa kanda 7. Ukisafiri ndani ya kanda moja Silver inakata dirham 3, ukigusa kanda mbili zinazopakana ni 5, zaidi ya hapo 7.5 hata uende mwisho wa reli. Piga hesabu ya mtu wa siku 26 za kazi kwa mwezi, kwenda na kurudi. Kanda mbili ni 10 kwa siku, 260 kwa mwezi, wakati pasi ya siku 30 ya kanda mbili, ile unayolipia mara moja, ni 230. Kanda zote ni 15 kwa siku, 390, pasi yake 350. Kanda moja 156, pasi 140. Sasa dirham 30 au 40 mtu anaweza kuiona ndogo lakini kwa mshahara wetu huku hiyo ni chakula cha siku kadhaa, na wenzangu wengi wana miaka hapa hawajui hata kama hiyo pasi ipo, kila siku wanakatwa safari moja moja. Dirishani pale stesheni muulize, nataka pasi ya siku 30 kanda kadhaa, anakuwekea kwenye kadi ileile.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia, ukitoka basi ukaingia metro au kinyume chake ndani ya nusu saa inahesabika safari moja, haikati upya. Lakini kwenye basi lazima ugusishe unapopanda NA unaposhuka. Mimi wiki yangu ya kwanza nlikuwa nashuka tu kama nashuka daladala, na salio linaisha sielewi linaenda wapi. Siku moja kaka mmoja Mkenya, mlinzi, tunapanda basi moja kila asubuhi, akaniita nikiwa nishaweka mguu mlangoni, "Dada, rudi uguse, usipogusa inakukata ile ya juu kabisa." Nkarudi nkagusa. Sitamsahau yule kaka, wiki nzima nlikuwa nimelipa safari ndefu ambazo sijasafiri.

Sasa nije kwenye kitanda. Nlipofika dalali aliniuzia bedspesi, yaani kitanda kwenye chumba cha kushea, kule Muhaisnah, chumba wasichana sita, akaniambia metro ni dakika 5. Kweli ni dakika 5, kwa gari saa 8 usiku barabara ikiwa tupu. Mimi kila asubuhi natembea hadi kituoni, basi mpaka Al Qusais, ndo niingie metro ya Green Line kuja Deira. Kodi nlikuwa nimeokoa dirham 150 kwa mwezi nikajiona mjanja, lakini nlikuwa natoka saa 10 na nusu alfajiri nawahi shifti ya saa 1, narudi usiku miguu imevimba, na Agosti ilipoingia ndo nkakoma. Jamani kutembea dakika 12 Januari na kutembea dakika 12 Agosti ni vitu viwili tofauti, joto linavuka 40 na unyevu wa bahari juu, sare imelowa kabla hujafika kazini, mtandio unatoka chumvi. Vituo vingi vya basi vina vibanda vya kioo vyenye kiyoyozi, Mungu awabariki waliowaza hilo, ila kufika hapo kibandani ndo jua lenyewe.

Baadaye nkahamia karibu na stesheni ya Salah Al Din, natembea dakika 4. Kodi imepanda, lakini nalala masaa mawili zaidi na nalipia kanda moja tu. Kwa iyo ushauri wangu kabla hujatoa hata dirham ya kushika nafasi, nunua kadi, toka stesheni, tembea kwa miguu YAKO mpaka mlangoni kwa huyo mwenye chumba ukiwa umeshika saa. Usikubali dakika za dalali. Na ukiingia chumbani angalia kuta, vile vyumba vilivyokatwakatwa kwa mbao bila kibali, mwaka 2025 manispaa iliviandama sana maeneo kama Al Rigga na Al Muraqqabat, watu walitolewa na mabegi yao. Omba mkataba, omba risiti, akisema risiti ya nini we ondoka.

Wanaokimbilia Sharjah, mji wa jirani, kwa sababu kodi ni nafuu, sikatazi, wapo ndugu zangu wanaishi vizuri tu, ila metro haifiki kule, unategemea basi, na foleni ya Sharjah kuja Dubai asubuhi anayeijua anaijua.

Ratiba ishike kichwani hasa wewe wa shifti. Siku za kawaida metro inaanza saa 11 alfajiri mpaka saa 6 usiku, Ijumaa inasogea mpaka saa 7 usiku, Jumapili inaanza saa 2 asubuhi. Hiyo Jumapili imewaponza wengi, una dyuti saa 1 unafika stesheni geti limefungwa. Jumapili mimi natumia basi.

Ndani ya treni kuna behewa la wanawake na watoto, chini sakafuni lina mstari wa pinki, dada zangu lipandeni, asubuhi kule kwingine mnabanana mpaka pumzi inakata. Kaka zangu angalieni huo mstari, ukiuvuka faini dirham 100. Kula na kunywa pia 100, hata maji, kwa iyo mfungo ukiisha ndani ya treni subiri stesheni ufungulie nje ya geti. Kusafiri bila kugusisha kadi ni 200. Hayo hawana utani nayo na wakaguzi wanapita na kimashine mkononi, wanagusa kadi yako wanaona kila kitu. Kitu kimoja kinanipa raha mpaka leo, wasafi, na treni haina dereva, ukibahatika kukaa mbele kabisa unaona reli yote inakuja kwako.

Kuongeza salio mimi natumia mashine ya stesheni. Dirishani tangu 2024 wameweka kima cha chini dirham 50, wiki ya mwisho wa mwezi siyo wote tuna 50 ya kulaza kwenye kadi. Hapo ndo pananifanya nisiipe nyota zote, naipa 4 kati ya 5.

Kuna sehemu moja kadi unaiweka mfukoni, ni pale Creek, mkono wa bahari unaoingia mjini, kwenye abra, vile viboti vya mbao vya kuvusha watu kati ya Deira na Bur Dubai. Unampa nahodha dirham yako 1 mkononi, mnakaa mgongo kwa mgongo, upepo unakupiga. Siku yangu ya ofu jioni naenda pale kutazama majahazi yanapakia friji, magodoro na matairi gatini, harufu ya dizeli na maji ya chumvi, mimi mtu wa Tanga pale napumua.

Mdogo wangu anashuka Terminal 3 ya uwanja wa ndege mwezi ujao, stesheni ya metro iko palepale. Nimeshamnunulia Silver. Nimemwambia metro inaruhusu begi kubwa moja na dogo moja, basi apange hivyo toka nyumbani, na asisahau kupakua Botim, app ya kupigia simu, kabla hajapanda ndege maana simu za WhatsApp huku hazipigi na mama atataka kusikia sauti yake usiku uleule. Dagaa aweke kwenye hilo begi dogo, afunge vizuri na nailoni mbili.