Dawa ya presha ya macho: kabla hujalipa, uliza inafanya nini usiku

Mwaka jana mama alikuja kutoka Ukerewe kuhudhuria kliniki ya macho hapa Mwanza. Daktari alimwandikia latanoprost, tone moja kila jicho, jioni. Kuitafuta dawa ikawa kazi yangu. Duka la kwanza hamna, la pili hamna. La tatu muuzaji akanitolea timolol: "Dada, hii na hiyo ni kitu kilekile, tena hii bei yake nafuu." Nikalipa.

Asubuhi ya nne mama aliinuka kitandani akashika ukuta. Kizunguzungu. Nikamfunga kile kimashine chetu cha presha: mapigo 48. Mama anameza dawa ya presha kila usiku, na mimi nilikuwa namwongezea dawa nyingine ya kupunguza kasi ya moyo kwa kupitia jichoni. Tone halibaki lote kwenye jicho. Huteremka kwenye kitundu kilicho kwenye kona ya ndani, likafika puani, na kutoka hapo likaingia kwenye damu bila hata kupita kwenye ini.

Dawa ipi ya macho inachoma, ipi unatia mara ngapi, hayo utayasoma kwenye boksi. Mimi nataka tuongelee usiku, kwa sababu sijawahi kumsikia muuzaji akiutaja.

Glakoma, ndiyo hiyo presha ya macho, huua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo unalishwa na vimishipa vidogo mno vya damu. Presha ya mwili ndiyo inayosukuma damu iingie mle, na presha ya jicho inaizuia. Sasa mtu akilala, presha ya mwili inashuka, na ya jicho, kwa kule kulala tu, mara nyingi inapanda. Damu inabaki na nguvu kidogo ya kupenya. Kliniki wanakupima saa nne asubuhi, wanakwambia uko vizuri, na usiku wa manane hakuna aliyekupima.

Kwa kipimo hicho, namba moja kwangu ni latanoprost, na sifichi, mimi ni mtu wa Xalatan, jina lake la dukani. Yenyewe hufungua njia ya majimaji ya jicho yatoke, na kazi hiyo inaendelea mchana na usiku. Presha ya jicho ikishuka, vile vimishipa vinapumua. Lawama yake kubwa ni wekundu. Msomaji mmoja wa Igoma aliniandikia kwamba ameiacha baada ya wiki moja kwa sababu kazini walidhani amelewa. Dada yangu, nakusihi urudi kwa daktari wako. Wekundu ule ni mishipa ya juu, ya kwenye weupe wa jicho, imetanuka. Haimnyimi damu yule mshipa wa nyuma, na kwa wengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda.

Hapa ndipo wauzaji wananiumiza roho. Ukienda na jicho jekundu, unapewa tone la kulifanya jeupe, ambalo kazi yake ni kubana mishipa. Au unapewa dawa yenye deksamethasoni, ambayo ni steroidi, bila karatasi ya daktari, wakati dawa ya jamii hiyo ikitumika kwa muda inaweza kupandisha presha ya jicho yenyewe! Mgonjwa wa glakoma anauziwa kinachoweza kumpofusha, na anashukuru kwa sababu jicho limekuwa jeupe.

Namba mbili, dorzolamide, wengi wanaijua kwa jina la Trusopt. Inapunguza utengenezaji wa majimaji, na usiku pia inafanya kazi. Tena inazuia kimeng'enya fulani, hewa ya kaboni inaongezeka kidogo kwenye tishu, na mishipa midogo inalegea. Vipimo vimeonyesha damu ikienda kasi zaidi nyuma ya jicho. Ningeipa namba moja, ila haijathibitishwa kwamba kasi hiyo peke yake inaokoa uwezo wa kuona. Nayo ni ya jamii ya salfa: kama Septrin au SP ziliwahi kukuvimbisha, mwambie daktari kabla hajakuandikia.

Brimonidine ni ya tatu. Mchana iko sawa, usingizini inalegea. Inabana mishipa, jicho linang'aa, na ndiyo maana inasifiwa. Inaleta usingizi, na mtoto mchanga asitiwe kabisa.

Timolol ndiyo ya bei nafuu. Usiku jicho lenyewe limeshapunguza kutengeneza majimaji, kwa hiyo haina kikubwa cha kupunguza. Mwenye pumu asiiguse. Kama umeandikiwa, usiiache. Muulize daktari kama unaweza kuitia asubuhi tu.

Na friji! Latanoprost ambayo haijafunguliwa kwa kawaida inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa inavumilia hadi nyuzi 25 kwa wiki chache, soma boksi lako. Mchana wa Mwanza unapita hapo. Nimeiona kwenye kabati la kioo linalotazama barabara, jua linaipiga, na bei imezidi mara mbili ya duka lililo ng'ambo. Kichupa cha mililita 2.5! Siku hizi nasema: fungua friji nione unakoitoa. Wengine wananuna.

Mama alirudishwa kwenye latanoprost, na daktari akaihamishia dawa yake ya presha asubuhi. Kichupa kipya kinasafiri kwenda Nansio, Ukerewe, ndani ya chupa ya chai yenye kitambaa cha baridi, kwenye meli hakitoki mkobani mwake. Saa tatu usiku anatia tone, anafumba macho, anabonyeza kona ya ndani kwa kidole dakika mbili nzima. Namsikia kwenye simu akihesabu kwa Kikerewe, taratibu, mpaka mwisho.